Siha au Mbulu: ulinganisho wa nyanda mbili za juu kwa msafiri wa baiskeli anayeanzia Arusha

Kila ifikapo Juni, masika yakishaondoka na barabara za vumbi zikishakauka, watu wanaotaka kufunga mizigo kwenye keria na kuondoka Arusha kwa siku kadhaa huuliza swali moja: waelekee Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, au wapande ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu na kuendelea mpaka Mbulu? Nyanda hizi mbili zinafanana kwa mengi. Zote ziko juu, sehemu kubwa ikiwa kati ya mita 1,300 na 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Zote zina mashamba mapana na barabara ambazo ng'ombe huzipita mara nyingi kuliko magari. Na zote zinafikika kwa baiskeli bila kupakia kitu kwenye basi. Anayechagua kwa kutazama picha atabaki njia panda, kwa sababu picha za pande zote mbili zinavutia. Mimi nimezizunguka zote zaidi ya mara moja, na naamini kwamba mambo mawili ndiyo yanayoamua: siku ulizo nazo, na breki zilizofungwa kwenye baiskeli yako.

Naitaja breki kabla ya gia kwa makusudi. Karibu kila anayejiandaa huanza kuhesabu gia, kana kwamba kazi yote iko kwenye kupanda. Gia zikigoma mlimani, mtu hushuka, hushika usukani na kusukuma baiskeli mpaka juu, na hasara yake ni jasho na muda. Breki zikigoma kwenye mteremko mrefu, na nyuma kuna mzigo wa kilo 20, hakuna cha kusukuma wala cha kusubiri. Kati ya nyanda hizi mbili, mmoja unakushusha nyumbani taratibu kama mzazi anayemshusha mtoto mgongoni, na mwingine unakutupa.

Kufika juu

Tuanze na Siha. Kutoka Arusha mjini unafuata barabara kuu ya Moshi kupitia Tengeru, Usa River, Kikatiti na njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Boma Ng'ombe, umbali wa kilomita 55 hivi. Arusha iko karibu mita 1,400 na Boma Ng'ombe iko chini yake kwa mamia ya mita, kwa hiyo siku hii haichoshi miguu. Ugumu wake uko kwenye magari. Malori ya masafa marefu, mabasi yanayokimbizana na ratiba, na daladala zinazosimama ghafla popote abiria anapoinua mkono, yote yanagombea lami ileile, na mwendesha baiskeli husukumwa pembeni mpaka kwenye changarawe. Ushauri wangu ni kuondoka Jumapili, kunapopambazuka, na kuwa umeshafika Boma kabla ya saa nne asubuhi. Asiyependa msongamano huo hata kidogo apakie baiskeli kwenye paa la Coaster mpaka Boma Ng'ombe na aanzie pale. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mtu wa Moshi ana nafuu kubwa zaidi, kwa kuwa Boma iko karibu naye mara mbili kuliko ilivyo karibu na sisi, ingawa baada ya daraja la Kikafu atalazimika kupanda kidogo.

Ukigeuka kaskazini Boma Ng'ombe, kelele zinakatika kama redio iliyozimwa. Barabara ya lami inapanda kwenda Sanya Juu kwa mwinuko mdogo usiobadilika, ule ambao macho hayauoni lakini mapaja yanaujua. Unapita kwanza kwenye uwanda mkavu wenye vichaka vya migunga, kisha hewa inaanza kupoa na mahindi yanaanza kuonekana. Sanya Juu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Siha: kuna soko, kuna mafundi, kuna mawakala wa fedha za simu, na kuna gesti za kutosha. Anayeondoka Arusha mapema anaweza kulala hapo siku hiyohiyo, na kesho yake asubuhi akaendelea kupanda kuelekea Ngarenairobi, kati ya mashamba makubwa yaliyoanzishwa enzi za walowezi na misitu ya kupandwa ya misindano. Kwa ufupi, upande huu unalala uwandani usiku wa kwanza.

Upande wa Mbulu haukupi zawadi haraka hivyo. Kutoka Arusha unakwenda magharibi kupitia Kisongo na Meserani hadi Makuyuni, kilomita 80 za uwanda wazi usio na kivuli. Upepo wa mchana huku mara nyingi hutoka mashariki, hivyo wakati wa kwenda unakusukuma, na jumla ya njia ni ya kushuka. Wengi hufika Makuyuni wakijisifu. Hapo unakata kulia kuelekea Mto wa Mbu, kilomita 37 nyingine, ukipitwa na magari ya watalii yanayokimbilia Ngorongoro. Siwapendekezei kuvuka Mto wa Mbu siku hiyo, hata kama jua bado liko juu. Mji uko chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Manyara, na joto lake la mchana ni la kukaa kivulini ukila ndizi nyekundu, si la kupanda mlima. Ukuta wenyewe unaanza nyumba zinapoishia. Kona zake zinapanda moja juu ya nyingine, na nyani wa pale wameshajifunza kwamba kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni huwa kinaliwa. Nilipoteza mkate mzima na nusu ya karanga zangu wakati nikipiga picha ya ziwa.

Baada ya ukuta bado kuna milima ya Rhotia kabla hujaingia Karatu, ambayo iko karibu mita 1,500. Kwa hiyo siku ya pili ni fupi kwa kilomita, kama 30 tu, lakini ni ndefu kwa mwili. Uwanda tulivu ambao ndio lengo la safari unaanza siku ya tatu, unapoiacha lami ya watalii na kushika barabara ya vumbi ya kwenda Mbulu, ambayo kwa makadirio yangu ni kilomita 80. Mwenye siku tatu tu za mapumziko, zikiwamo za kurudi, hana sababu ya kuendelea kujiuliza: Siha inamfaa. Mbulu inahitaji siku tano, na ya sita ya akiba haipotei.

Udongo

Hapa ndipo nyanda hizi zinapotofautiana kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wanapokosea zaidi wakati wa kupanga.

Siha iko upande wa Kilimanjaro unaopata mvua kidogo kuliko ule wa kusini unaotazama Moshi, na udongo wake umetokana na volkano. Lami inaendelea mbele ya Sanya Juu, lakini ukiiacha na kuingia njia za vijijini, kuelekea Ol Molog au Lerang'wa, unakutana na vumbi laini kama unga, ambalo tairi jembamba huzama ndani yake mpaka kwenye ringi, na katikati ya vumbi hilo barabara imejikunja kama bati la migongo. Migongo hiyo haiui mtu, ila hulegeza kila kilichofungwa kwa skrubu. Nimeona keria ikikatika, kibebea chupa kikianguka, na siti ikizunguka yenyewe kuelekea upande wa Kenya. Dawa yake ni tairi pana, upepo kidogo ndani yake, na spana mkononi kila jioni. Mvua ikinyesha, vumbi hutulia na maji hunywewa haraka, na baada ya saa chache unaweza kuendelea.

Mbulu ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi sina barabara ya vumbi ninayoipenda kuliko ile: imekaza, ina rangi ya tofali, inapanda na kushuka kati ya mashamba ya ngano, mbaazi na maharage, na pembeni yake miti ya mikaratusi inatoa harufu kali asubuhi. Lakini mvua ya saa moja tu inaigeuza kuwa kitu kingine. Mwaka mmoja tulitoka Karatu mwishoni mwa mvua za vuli, tukijidanganya kwamba mawingu ya usiku ule ndiyo yalikuwa ya mwisho. Hatukumaliza kilomita ishirini. Tope lilipanda na tairi, likajaa kati ya gurudumu na uma wa mbele, likakamata vipira vya breki, na gurudumu likakataa kabisa kuzunguka. Tulikata vijiti tukakwangua, tukasukuma hatua kumi, likajaa tena. Mwisho tukabeba baiskeli begani, nazo zikiwa zimeongezeka uzito kwa udongo, huku viatu vyetu navyo vikiwa vimeota visigino vya tope.

Mzee mmoja aliyekuwa akirudi shambani, jembe begani, alisimama akatutazama kwa utulivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Ninyi ndio mnaipanda baiskeli, au leo yenyewe ndiyo inawapanda ninyi?"

Alituonyesha nyumba yenye upenu mpana, akatuambia tukae, kwa kuwa hasira za udongo ule ni za muda mfupi, jua likiupiga saa mbili unasamehe. Tulikaa saa tatu, tukala mahindi ya kuchoma, na kweli tope lilianza kukauka na kudondoka vipande vipande kama plasta ya zamani. Jambo lililoniuma si tope bali ratiba: tulifika Mbulu giza limeshaingia, jambo ambalo nalikataza kwa kila mtu. Tangu siku hiyo siendi Mbulu kati ya Machi na Mei, wala katika vuli, hata kama ratiba ya likizo inanibembeleza. Siha ningekwenda.

Watu, chakula na pa kulala

Kwa chakula, Siha ina viazi, maziwa, kabichi na karoti kwa wingi, na ukiwa upande wa Wachaga utapata mtori asubuhi, ambao kwa mwendesha baiskeli naona unazidi chai na chapati kwa mbali. Lakini kadiri unavyoiacha Ngarenairobi na kuelekea kaskazini, vijiji vinaachana, maboma ya Wamasai yanakuwa mbali na barabara, na kuna vipande virefu ambavyo hutapata hata kibanda cha soda. Beba maji yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu, na usitegemee korongo lolote, maana mengi ni makavu mwaka mzima isipokuwa siku za mvua. Gesti nazo zinapungua. Ni busara kuuliza Ngarenairobi kabla hujaendelea.

Uwanda wa Mbulu umejaa watu. Wairaqw wameulima kwa vizazi vingi, na nyumba zao zimetawanyika juu ya vilima kiasi kwamba ni nadra kukaa nusu saa bila kuona mtu akipalilia, mtoto akichunga, au mama akirudi kisimani. Lugha yao ni ya Kikushi, haifanani hata kidogo na za majirani zao Wabantu, lakini Kiswahili kinapita kila mahali. Karatu ina gesti nyingi kwa sababu ya utalii, na mji wa Mbulu una zake za kawaida. Ukiamua kuongeza siku na kwenda Haydom kupitia Dongobesh, utakuta pia vyumba, kwa sababu hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa pale na wamisionari wa Norway miaka ya 1950 huvuta wagonjwa kutoka mbali, na wagonjwa huja na ndugu wanaohitaji pa kulala. Kwa anayesafiri peke yake, jambo hili lina uzito. Wengi hudhani Siha ni salama zaidi kwa sababu iko karibu na barabara kuu, na kwa usafiri wa kurudi ni kweli; lakini baiskeli ikikuharibikia saa nane mchana ukiwa peke yako, ningependa iwe Mbulu, ambako mtu wa kukusaidia atakuwa ameshakuona kabla hujamwona.

Kuhusu mafundi, kuna jambo dogo linalowakwamisha watu wenye baiskeli za mtumba kutoka Ulaya. Fundi wa kijijini, pande zote mbili, ana vifaa vya Phoenix, ile baiskeli nzito ya kawaida isiyo na gia, na vya baiskeli za mlima za inchi 26. Baiskeli nyembamba za kigeni nazo huitwa za inchi 28, kama Phoenix, na mwenye baiskeli hujiona salama. Tairi la Phoenix limetengenezwa kwa ringi ya kipenyo cha milimita 635, na lile la kigeni kwa ringi ya milimita 622. Tofauti hiyo ya milimita 13 inatosha kulifanya tairi moja lipwaye na lingine lisiingie kabisa hata mkilivuta watu watatu. Tyubu inaweza kulazimishwa, tairi haliwezi. Pili, kama valvu zako ni zile nyembamba, pampu ya fundi haitazishika, hivyo beba yako mwenyewe. Mwenye ringi za inchi 26 anaweza kusafiri popote kati ya nyanda hizi kwa moyo mweupe. Mwenye nyingine abebe tairi moja la akiba lililokunjwa, hasa akienda Mbulu, maana kutoka katikati ya uwanda ule hadi duka kubwa la baiskeli ni safari ya basi ya nusu siku na zaidi.

Wanyama, baridi na hewa

Siha ina tembo, na hili lisichukuliwe kama mapambo ya safari. Kati ya msitu wa Kilimanjaro na hifadhi ya Amboseli ya Kenya kuna ushoroba wa Kitendeni, ambao tembo wameutumia tangu zamani na bado wanautumia, na barabara ya kuelekea Kamwanga inaukata. Eneo la jirani liko chini ya hifadhi ya jamii ya Enduimet. Tembo hupenda kutembea alfajiri, jioni na usiku, kwa hiyo sheria ni rahisi: usiwe barabarani kabla jua halijachomoza sawasawa, na uwe umeshafika kijijini kufikia saa kumi na moja jioni. Katika kijiji cha mwisho kabla ya kipande cha pori, simama dukani, salimia, nunua hata pipi, na uliza wamepita wapi leo. Watu wanajua, kwa sababu mashamba yao ndiyo yanayoliwa. Ukikuta kinyesi kibichi na matawi yaliyovunjwa yakiwa bado na utomvu, rudi ulikotoka.

Juu ya uwanda wa Mbulu hofu hiyo kwa kiasi kikubwa haipo; iko chini. Njia ya Makuyuni hadi Mto wa Mbu inapita kwenye malisho ya wanyama, na barabara kuu ya Babati inakata ushoroba wa Kwakuchinja unaounganisha Tarangire na Manyara. Huko nako usipite gizani.

Baridi ya Juni hadi Agosti inafanana pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Ngarenairobi baridi hushuka na upepo kutoka mlimani, na asubuhi vidole hukataa kufunga kamba za viatu. Nakumbuka nikiwa nimesimama nje ya gesti, mikono kwenye kikombe cha chai ya maziwa, wingu likiwa limekaa juu ya paa. Likapasuka ghafla, na kilele kikaonekana juu sana kuliko mahali nilipokuwa nikikitafuta. Kufikia saa tatu kilikuwa kimeshafunikwa. Anayetaka kuuona mlima kwa hiyo aamke mapema, na hili ndilo jambo pekee la mandhari ambalo Mbulu haiwezi kulijibu.

Kuhusu hewa, anayetoka Dar es Salaam ajue kwamba kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Siku mbili za kwanza atapumua kama aliyekimbizwa, na njia ya Mbulu, pamoja na ugumu wake, ina faida hapa kwa kuwa inampandisha kwa hatua. Wenyeji hawana shida hiyo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, ni mtoto wa Karatu, na John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu, anatoka Mbulu. Usishangae, basi, kijana wa shule mwenye Phoenix isiyo na gia na dumu la maji nyuma akikupita mlimani huku akikusalimia.

Kushuka

Sasa turudi kwenye breki. Kutoka Siha kuna njia mbili za kurudi. Ya kwanza ni ileile uliyopandia: kutoka Ngarenairobi hadi Sanya Juu na kutoka Sanya Juu hadi Boma Ng'ombe unateremka kwa mwinuko uleule mdogo, na kwa vipande virefu unaweza kuiachia baiskeli itembee yenyewe, ukigusa breki mara moja moja. Phoenix ya zamani yenye breki za vyuma inaiweza kazi hii bila malalamiko. Ya pili ni kwa mwenye siku nne au tano: kuendelea Kamwanga hadi Tarakea, kisha kushika lami ya Rombo mpaka Himo na Moshi, na kuuzunguka mlima wote kwa zaidi ya kilomita 200. Tarakea iko mpakani, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni. Rombo ina migomba, ina watu, na ina mabonde ya kupanda na kushuka yasiyoisha, lakini hakuna mteremko mmoja unaotisha. Cha muhimu zaidi ni kwamba ukichoka mahali popote kabla ya Kamwanga, unageuza usukani na mteremko unakurudisha kwenye lami. Ndiyo maana kwa safari ya kwanza ya maisha ya mtu nampeleka Siha bila kujadiliana.

Kutoka Mbulu unaweza kurudi Karatu, na kisha kushuka ukuta wa Mto wa Mbu kwa lami nzuri. Lakini wengi, nikiwamo mimi, huvutwa na barabara ya mashariki, inayopita kwenye ukingo wa juu karibu na msitu wa Nou, na kushuka Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani kwenye barabara kuu ya Arusha na Babati. Ni duara zuri kuliko yote ninayoyajua mkoani kwetu na mkoa wa jirani. Mlima wa Magara unaporomoka mamia ya mita ndani ya kilomita chache, kona kwa kona, na sehemu zake kali zimemwagwa zege kwa sababu magari yalikuwa yakiteleza wakati wa mvua.

Nilipoushuka mara ya kwanza nilikuwa na breki za kubana ringi, vipira vimeshalika nusu, na nilizishika mfululizo kwa sababu ya woga. Baada ya kona ya nne au ya tano nilisikia harufu ya mpira unaoungua, nikadhani ni gari. Niliposimama na kugusa ringi ya nyuma, niliuondoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria bila kitambaa. Hatari hapo ni mbili: vipira huyeyuka na kupoteza nguvu, na joto la ringi hupanda mpaka kwenye tyubu, ambayo inaweza kupasuka ukiwa kwenye kasi. Wenzangu walitaka kumwagia maji. Tuliacha ringi ipoe yenyewe kivulini, tukasubiri robo saa, na tangu hapo tukawa tunasimama kila kilomita. Namna sahihi ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi, kuachia, kisha kubana tena, breki ya mbele na ya nyuma kwa kupokezana, na kushusha uzito kadiri inavyowezekana. Breki za diski zinavumilia zaidi, mradi pedi zake ni nzima. Mwenye breki za vyuma za Phoenix ashuke atembee, au arudi kwa njia ya Karatu, na hata huko asimame mara kwa mara.

Chini ya mlima unavuka daraja la Magara, joto la bonde linakupiga usoni, na baada ya uwanda mfupi wa mashamba unaiona barabara kuu. Kutoka Mbuyu wa Mjerumani hadi Arusha kwa baiskeli inawezekana, lakini utakuwa na upepo usoni, malori ya Babati mgongoni na Kwakuchinja mbele, na sijawahi kuona faida ya mateso hayo baada ya siku nne nzuri. Tunasimamisha basi. Patana bei ya baiskeli na kondakta kabla haijapanda juu, funga mwenyewe kwa kamba yako mwenyewe, na laza upande wenye cheni utazame juu, maana wapakiaji hulaza upande wowote na kuweka magunia juu yake.